Mwandishi wa Kibengali aliyeandika habari za reli yetu: kuna aliyemsoma?

MpishiWaLikoni

Hamjambo wanajamvi.

Niko Muscat mwaka wa nne sasa, jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi. Ninayeshika naye zamu ya usiku ni Mhindi wa Bengal, mtu wa Bongaon, mji ulio karibu na mpaka wa Bangladesh. Kwao kaka mkubwa huitwa "dada", basi naye akaniambia nimwite hivyo. Mwanamume mzima na masharubu yake, nami namwita dada mbele za watu. Waswahili wenzangu hapa kambini hadi leo hawajamaliza kucheka.

Juzi tulikuwa tunamenya vitunguu, akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikamwambia Mombasa. Akaweka kisu chini. "Mombasa! Kisumu! Reli ya Uganda!" Aliyataja kama mtu anayetaja vichochoro vya mtaani kwao. Nikamuuliza, kumbe umefika? Akasema la, nimesoma utotoni.

Akanieleza kuna kitabu kinaitwa Chander Pahar, yaani Mlima wa Mwezi, ambacho karibu kila mtoto wa Kibengali hukipitia. Kijana anaitwa Shankar, anatoka kijijini Bengal, anapata kazi kwenye reli ya kutoka Mombasa. Simba wanakula watu, nyoka wanaingia chumbani, kisha kuna mlima wa moto na almasi. Mwandishi ni Bibhutibhushan Bandyopadhyay. Jina hilo nilimwomba aniandikie nyuma ya karatasi ya oda ya mboga, ninalo mfukoni. Tena kijiji cha huyo mwandishi si mbali na kwao, akiwa mdogo alikuwa akipita hapo kwa baiskeli.

Sasa nauliza. Huyu bwana alifika kweli huku kwetu? Dada anasema hakufika, lakini kwa namna anavyonisimulia ile stesheni naona vigumu kuamini. Na je, si vile vitabu ambavyo sisi wenyewe tumewekwa kama miti ya nyuma ya picha? Nikitaka kumsoma nianze na kipi? Kiingereza changu ni cha kuombea kazi, ila subira ninayo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kugeuza reli pale Mariakani. Ndiyo maana jambo hili limenikaa kichwani.

Kinyozi_Majengo

Mtu anaandika Afrika bila kufika Afrika? Sisi tumezaliwa hapa na bado hatujaimaliza. Mpishi, soma mapishi ndugu yangu.

MzeeWaStesheni

Mpishi mwanangu, salaam. Huyo kinyozi mwache anyoe.

Mimi ni stesheni masta mstaafu. Nilitumikia reli ile ya zamani, ya upana wa mita moja, miaka 31, na 11 kati ya hiyo nilikaa stesheni moja ndogo baina ya Voi na Mtito Andei. Sitaitaja kwa sababu siku hizi imebaki bati na popo. Kitabu unachouliza ninacho kwa Kiingereza, nilikiokota kwa muuza vitabu vikuukuu mjini Mombasa. Nilikimaliza kwa siku mbili, kisha sura za stesheni nikazirudia mara nne.

Rafiki yako amekwambia kweli. Hakufika. Hakukanyaga Afrika hata siku moja. Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1894 kijiji cha Muratipur, kwa wajomba zake, lakini kwao kwa baba ni Barakpur, karibu na Gopalnagar, kwenye mto unaoitwa Ichamati. Baba yake, Mahananda, alikuwa msomi wa Sanskrit ambaye kazi yake ilikuwa kughani visa vya dini kijiji hadi kijiji, kama vile pwani kwetu msomaji wa tenzi anavyoitwa penye shughuli. Kazi ya namna hiyo huleta heshima nyingi na unga kidogo. Akafa mtoto bado yuko shule. Kijana akajikokota hivyo hivyo, akapasi mtihani wa kumaliza shule kwa daraja la kwanza mwaka 1914, akaenda Kolkata chuo cha Ripon, akapata shahada 1918. Alitaka kuendelea na masomo ya juu na sheria, fedha zikakatika. Akawa mwalimu wa shule ya kijijini huko Jangipara.

Alioa binti anaitwa Gauri. Hawakukaa, mwaka mmoja tu binti akafariki. Bibhutibhushan akabaki mgane zaidi ya miaka 20, hadi Desemba 1940 alipomwoa Rama. Nyumba yake ya Ghatshila inaitwa Gaurikunja, jina la yule marehemu limo ndani yake. Sijui ni wangapi kati yetu ambao wake zetu wa pili wangelala usingizi kwenye nyumba hiyo.

Kabla ya kutulia aliwahi kuzunguka kama mpiga debe wa chama cha kulinda ng'ombe, akifika hadi pande za Arakan, huko Burma. Baadaye akawa mtu wa tajiri mmoja wa Kolkata, akatumwa Bhagalpur, Bihar, kusimamia ardhi yake. Hiyo ya Bhagalpur ishike mkononi, nitairudia.

Sasa tuingie stesheni.

Mimi ni mtu wa maili. Kitabu chochote cha reli nikikishika, kwanza nahesabu. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Kisa cha Shankar ni cha 1909, na mwandishi anasema lilikuwa likijengwa tawi, mahali palipo maili 350 kutoka Mombasa. Vizuri. Nairobi ni maili 327. Kwa hiyo Shankar na kambi yake wako mbele kidogo ya Nairobi, juu kule kwenye baridi na ukungu wa asubuhi. Lakini simba anaowaleta pale, wanaochukua watu kutoka mahemani usiku baada ya usiku, ni wale wa Tsavo, na Tsavo ni maili 130 na ushei, mwaka 1898! Amewasafirisha simba wawili maili 200 na miaka 11 bila tikiti. (Wenyewe wamekaushwa, wako makumbusho ya Chicago.) Ni wazi alisoma vitabu vya Waingereza. Hata mwenyewe hafichi, kwenye dibaji anawataja wasafiri aliowategemea, mmoja wao Harry Johnston, yule aliyekuwa mkubwa wa serikali ya Kiingereza Uganda.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kumdharau. Kisha Shankar anapewa stesheni yake, ya peke yake, porini.

Anashuka. Mtu anayempokea kazi ni Mgujarati, naye ana haraka ya kuondoka kuliko adabu inavyoruhusu. Anaulizwa hili, anajibu nusu. Maji ya kunywa yanaletwa na treni. Usiku ukiingia ni yeye, taa, na majani marefu. Na jambo lenyewe la simba hakuna anayemwambia waziwazi mpaka limfikie mlangoni.

Mwanangu, mimi nilifika stesheni yangu mwaka 1984. Mwenzangu niliyempokea alikuwa ameshafunga sanduku lake tangu alfajiri. Alinionyesha daftari la treni, funguo, taa ya mkono na tangi la maji. Nikamuuliza, usiku kukoje huku? Akasema, "Kuzuri." Treni ya kumchukua haijasimama sawasawa yeye keshadandia behewa la gadi. Habari za simba nilikuja kuambiwa siku ya tatu na mama muuza maziwa, tena baada ya kunidai fedha yake kwanza. Niliposoma ukurasa ule wa yule Mgujarati nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuangalia nimepatwa na nini.

Halafu kuna usiku wa koboko. Shankar anaamka, anamulika kwa tochi, nyoka amejiinua chumbani anamtazama. Anajua akiondoa mwanga tu amekwisha. Basi anakaa na tochi, mkono unakufa ganzi, hathubutu kubadilisha. Koboko mimi sikuletewa. Kifutu nilimkuta mara mbili, mara moja chini ya kiti nilichokuwa nimekalia robo saa nzima. Nakwambia, kinachoandikwa pale kuhusu mkono kufa ganzi hakikutoka kwenye kitabu cha Johnston.

Nilikaa siku nyingi nikijiuliza mwalimu wa shule wa Bengal aliipata wapi stesheni yangu, ilhali milima na maili zetu zimemshinda. Nikaja kusoma kitabu chake kingine, Aranyak, cha 1939, maana yake kitu kama "cha msituni". Ndipo nikaelewa. Ni Bhagalpur ile. Kijana wa mjini, Satyacharan, anapelekwa kusimamia msitu mkubwa wa tajiri. Ofisi ni kibanda cha nyasi. Mwanzoni anataka kulia, kila siku anahesabu lini atarudi Kolkata kwenye marafiki na magazeti. Kidogo kidogo pori linamwingia, akipanda farasi usiku wa mbalamwezi hataki kurudi ndani. Hiyo ndiyo stesheni. Upweke anaoueleza ni wa kwake mwenyewe, ameuvalisha tu kofia ya Reli ya Uganda.

Sasa sikiliza kinachouma. Kazi ya Satyacharan pale ni kugawa ardhi kwa wapangaji, yaani kuufyeka huohuo msitu. Anaupenda, na kila wiki anatia sahihi karatasi za kuukata. Kuna mtu mle anaitwa Jugalprasad, kazi hana ya maana, lakini hutafuta mbegu na miche ya maua mbali huko akaja kuipanda porini, mahali ambapo hakuna atakayemshukuru. Kuna mfalme wa zamani wa watu wa msitu, Dobru Panna, mzee amechoka, ufalme umebaki jina, anachunga ng'ombe. Kitukuu wake Bhanumati anaulizwa kama amewahi kusikia nchi inayoitwa India. Binti anatikisa kichwa, hajui iko upande gani. Na yeye yuko ndani yake! Mwishoni msimamizi anaiomba radhi ile miungu ya msitu kwa alichokifanya. Mimi nimeona miti mingapi ikipakiwa mkaa kwenye stesheni yangu, na mwenye kupiga mhuri alikuwa mimi. Sisemi zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu: Mlima wa Mwezi usome kwa furaha, kama hadithi ya watoto, maana ndivyo kilivyoandikwa, kilitoka kwanza kwenye gazeti la watoto kisha kikawa kitabu miaka ya 1930. Ukitaka kumjua mtu mwenyewe, Aranyak.

Na kwa kuwa wewe ni mpishi, mwambie dada yako akutafutie Adarsha Hindu Hotel. Ni habari za mpishi, Hajari Thakur, anayepika kwenye hoteli ya mtu mwingine karibu na stesheni ya Ranaghat. Wateja wanasifu chakula chake, sifa zinachukuliwa na mwenye hoteli. Akipata nafasi anaenda kukaa kando ya mto Churni, anaota hoteli yake mwenyewe, anajua kabisa ubao wa nje utaandikwa nini. Hapo hutahitaji kuhesabu maili.

Mwalimu_Meru

Shikamoo mzee. Umeandika vizuri mno, lakini naona umempa huyu bwana msamaha wa haraka.

Mimi nafundisha jiografia Arusha. Kitabu hicho nilikitafuta baada ya mwanafunzi kuniuliza, na nilipofika kwenye mlima wa moto nikakifunga kwanza nikanywe maji. Volkano anaiita Ol Doinyo Lengai! Mlima wa Mungu wa Wamasai, ule ambao nikienda Ngaresero nauona kwa macho, ameung'oa na kuupeleka kusini mbali kwenye milima anayoiita Richtersveld. Na hiyo Richtersveld ya kweli iko pembe ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini, ni jangwa la mawe, mvua huko ni habari ya kupigiana simu. Yeye ameifunika msitu mzito, matone hayakauki. Ndani ya msitu akaweka dubwana linaloitwa Bunyip, ambalo ni la masimulizi ya wenyeji wa Australia. Australia, mzee!

Hayo ya ramani namsamehe, alikuwa na atlasi na njaa ya kusafiri. Kinachonikera ni swali la Mpishi ambalo umelipita kimyakimya. Sisi tuko wapi? Shankar ana rafiki yake kutoka Madras, Tirumal, anachukuliwa na simba na tunamlilia. Yupo Mreno, Diego Alvarez, mzee wa kutafuta almasi, mtu kamili kabisa, ana huzuni zake, anakufa na tunamzika. Waafrika wanapita wamebeba mizigo, au wanaogopa kitu msituni, au wanamwonya mgeni asiende. Nimemaliza kitabu sina hata mmoja ninayemkumbuka kwa uso. Walipokitengeneza filamu mwaka 2013 wakaenda kupiga Afrika Kusini, mandhari tamu, simba wa kweli. Bado tuko nyuma ya picha.

MzeeWaStesheni

Marahaba mwalimu. Umenikamata, sina pa kujificha.

Ni kweli. Nililiona nikalipita, kwa sababu nilishafurahia kujiona mimi kwenye ile stesheni, na mtu akishajiona hatafuti wengine. Tena ajabu ni kwamba aliyejiona ni mimi, mtoto wa Kitaita, ndani ya Shankar Mbengali. Yule mama wa maziwa, ambaye bila yeye simba angenila wiki ya kwanza, hayumo.

Sitamtetea kwa hilo. Nitasema tu kwamba alipoandika watu aliowajua, hakumweka yeyote nyuma ya picha. Chukua kile cha njaa, Ashani Sanket. Mwaka 1943, vita vya dunia vinaendelea, mchele unapanda bei, unapotea sokoni, na Bengal watu wapatao milioni tatu wakafa. Yeye hapeleki msomaji Kolkata kwenye maiti barabarani. Anakaa kijijini na Gangacharan, Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu) mwenye ujanja kidogo anayefundisha watoto na kusoma dua ili alishwe na wakulima, na mkewe Ananga. Njaa inaingia kama mgeni: leo hakuna mafuta ya taa, kesho dukani wanasema mchele kesho, keshokutwa mwanamke anachimba viazi mwitu. Mtu wa kwanza kufa njaa kijijini, wanakijiji hawaamini kwamba mtu anaweza kufa kwa kukosa chakula. Mimi nilikuwa kazini mwaka wa ukame wa 1984 huohuo, na ndivyo inavyokuja.

Afrika hakuijua, basi akaandika alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni vitabu vya wakubwa wetu wa zamani. Macho ya Johnston yakamwingia bila kujua. Hapo umeshinda, mwalimu.

BintiWete

Naona mmekisahau kitabu kilichomtambulisha duniani. Pather Panchali!

Niko maktaba, nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya 1968. Kwanza jina. "Panchali" ni hadithi ndefu ya mashairi inayoghanwa mbele ya watu, na "path" ni njia. Kiswahili tunalo jina lake tayari, hatuna haja ya kuhangaika: Utenzi wa Njia. Mtoto wa msomaji wa tenzi kaandika utenzi wake kwa nathari.

Wengi wanaijua filamu ya Satyajit Ray ya 1955. Ray mwenyewe aliingia kwenye kisa hiki kwa mlango wa nyuma, alikuwa mchoraji wa shirika la vitabu, akapewa kazi ya kuchora picha za toleo fupi la watoto miaka ya 1940. Na picha ambayo kila mtu anaikumbuka, Apu na dada yake Durga wakikimbia kwenye majani meupe kuona treni, kitabuni haiko hivyo! Kitabuni watoto wanatoroka kwenda kuitafuta reli, wanatembea wee, hawaifikii, wanarudi nyumbani. Baadaye Durga anaugua homa, na kitandani anamwomba mdogo wake, akipona ampeleke siku moja akaione treni. Haponi. Apu anakuja kuiona treni siku familia inahama kijiji, na dada yake hayupo. Nilipofika hapo nilikuwa nimekaa kaunta ya kuazimisha vitabu, mteja amesimama mbele yangu, nikamwomba asubiri.

Mzee, wewe wa treni, hapa ndipo ulipotakiwa kusimamisha.

Na huyo Durga karibu asizaliwe. Inasimuliwa kwamba mwandishi alikuwa ameshaimaliza rasimu huko Bhagalpur bila yeye. Siku moja akamwona binti wa kijijini, nywele zinapeperuka ovyo kwa upepo, macho yamejaa kitu. Akarudi ndani, akaona kitabu chake hakina uhai bila msichana huyo, akaanza kuandika upya. Kikatoka kwa vipande katika gazeti la Bichitra, kisha kikawa kitabu mwaka 1929. Mtu wa miaka 35, mwalimu asiyejulikana.

Pia kuna kile kijisanduku cha dhahabu. Durga anatuhumiwa kuiba, anakana, anapigwa. Baada ya kufa, Apu anakiona kimefichwa nyumbani. Anakitupa kwenye kichaka cha mianzi, hamwambii mtu. Mtoto mdogo anamsitiri dada yake aliyekufa. Basi.

Kinyozi_Majengo

Haya nimenyamaza. Hicho cha Durga kinapatikana wapi?

MpishiWaLikoni

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu, na wewe BintiWete asante. Nimemsomea dada majibu yenu yote, natafsiri kwa lugha yetu ya jikoni, Kiingereza robo, Kihindi robo, Kiarabu robo, na mikono. Ya mwalimu kuhusu Bunyip kacheka hadi akakaa kwenye gunia la mchele. Anasema utotoni alilala na taa kwa ajili ya mnyama huyo, kumbe wa Australia.

Ametoa masahihisho mamoja na swali moja. Masahihisho: mkitafuta kijiji kwenye ramani msichanganye na Barrackpore iliyo karibu na Kolkata, watu wengi hupotelea huko. Cha mwandishi ni hiki kidogo cha Gopalnagar, na shule ya Gopalnagar ndiko alikofundisha mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki Ghatshila tarehe 1 Novemba 1950, moyo, miaka 56, na mtoto wake wa kiume alikuwa wa miaka mitatu tu. Kitabu chake cha mto, Ichhamati, kilikuwa kimetoka mwaka huohuo, tuzo yake ya serikali ikaja yeye hayupo.

Ile ya mpishi wa Ranaghat anayo kwenye simu. Tumeanza. Anasoma ukurasa kwa Kibengali chake, kisha ananieleza huku tunachambua dengu. Jana tumefika Hajari anaposingiziwa kuiba vyombo vya hoteli na kupelekwa polisi. Niliona dada ananitazama tu, maana anajua yaliyonipata jikoni nilipokuwa kabla ya hapa, sahani 40 za watu. Sikusema kitu, naye hakusema, tukaendelea na dengu.

Swali lake ni kwa mzee. Anataka kujua: stesheni yako, maji yalikuwa yanakuja kweli kwa treni kama ya Shankar, au hiyo nayo katunga?

MzeeWaStesheni

Mwambie Jumanne na Ijumaa, behewa la tangi nyuma ya injini. Kisima tulikuwa nacho, cha chumvi, cha kuogea na cha kuku. Chai tulipika kwa maji ya treni, na treni ikichelewa tulilala bila chai.